Jela Haina Kodi

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo mwenzangu amekuja na uso wa mtu aliyepigiwa mnada.

JUMA: Nimepigiwa kweli. Juzi nimefilisiwa na mpwa wangu wa miaka tisa. Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua viwanja na kutozana kodi. Nimekaa jela zamu tatu nzima, sitaki kutoka.

MWANAIDI: Hutaki kutoka jela?

JUMA: Jela haina kodi! Nje huko kila hatua ni hoteli yake.

MWANAIDI: (anacheka) Na kete yako ilikuwa kile kiatu, kama kawaida yako.

JUMA: Kiatu, ndiyo, usianze. Nikamwambia, “Mjomba, tubadilishe sheria. Kodi zote ziwekwe katikati ya ubao, ziwe zetu sote.” Akanikodolea macho kama nimevunja benki. “Sasa huo utakuwa mchezo gani?” Miaka tisa, Mwanaidi! Nikasema basi, mada tumeipata: mbona tunashindwa hata kuwaza mfumo usio wa kibepari?

MWANAIDI: Na sheria yako ilishakuwepo, ujue. Lizzie Magie, mama mmoja wa Marekani, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mchezo wake wa wenye ardhi mwaka 1904. Akaupa kanuni za namna mbili: kwa moja unawafilisi wenzako, kwa nyingine kodi ya ardhi inaingia hazina ya wote. Mwaka 1935 kampuni ya michezo ya Parker Brothers ikainunua haki hiyo kwa dola 500. Iliyoenea duniani ni ile ya kufilisiana, ndiyo hiyo Monopoly yenu.

JUMA: Umeona? Nusu ya kanuni imetolewa kwenye boksi. Mtoto atawaza nini?

MWANAIDI: Hapo tunaachana. Watu wanawaza sana tu. Wewe uliwaza lini? Ulipobakiwa na noti mbili. Ungekuwa na hoteli ungenyamaza kimya.

JUMA: Kwa hiyo kiatu hakina haki ya kuwaza?

MWANAIDI: Haki kinayo, nguvu hakina. Nani ataanza kuweka noti zake katikati, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anagonga mlango?

JUMA: Mondragón walianza. Hispania, 1956. Leo ni vyama vya ushirika vyenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi, na mwanachama mmoja ana kura moja.

MWANAIDI: Na Fagor, chama chao cha kutengeneza majokofu, kikafilisika 2013. Soko halikuuliza ni mali ya nani.

JUMA: Wanachama wengi wakapewa kazi kwenye vyama vingine. Kampuni gani nyingine inafanya hivyo?

MWANAIDI: Bado wako kwenye ubao uleule, Juma.

JUMA: Kwa kanuni nyingine!

MWANAIDI: Ubao uleule.

JUMA: Sikubali.

MWANAIDI: Usikubali. Zimebaki dakika mbili, na tuliahidi mambo matatu: Ukuta wa Berlin, uchumi unavyofundishwa shuleni, na... la tatu ulikuwa nalo wewe.

JUMA: Liko kwenye daftari. Liache huko huko.

MWANAIDI: Haya. Na marudiano lini?

JUMA: Jumamosi. Ila kiatu amekichukua yeye.