Kinyama Kipimwe Kabla ya Dawa Kuandikwa

Waheshimiwa wasikilizaji, swali ambalo wagonjwa wa saratani ya matiti hutuuliza mara kwa mara ni hili: kwa nini mwenzangu wa kitanda cha pili anameza kidonge kimoja kwa siku, ilhali mimi nimepangiwa dripu za kemotherapi mpaka nywele zinyonyoke?

Jibu limo katika kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe na kupimwa. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alieleza kwamba uvimbe wa titi ulinywea baada ya kuondoa ovari za mgonjwa. Lakini wapo wanawake ambao upasuaji huo haukuwafaa kitu. Sababu ilikuja kufahamika baadaye sana, vilipogunduliwa vipokezi vya estrojeni, yaani protini za seli zinazoshika homoni hiyo itokayo kwenye ovari. Takriban saratani saba kati ya kumi za matiti zina vipokezi vya homoni, na tamoksifeni, dawa ya vidonge, huvikalia hivyo, estrojeni ikakosa pa kushika. Nyingine zina protini ya HER2 kupita kiasi, na hizo ndizo zinazotibiwa kwa trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998; asiye na HER2 hiyo akipewa dawa hii ataambulia gharama na hatari kwa moyo wake.

Kupima huko huweza pia kupunguza dawa. Utafiti wa TAILORx, uliotangazwa mwaka 2018, ulitumia kipimo cha jeni 21 za uvimbe, kinachotoa alama za hatari ya saratani kurudi, kwa wanawake wenye vipokezi vya homoni, wasio na HER2, ambao saratani ilikuwa haijafika kwenye tezi za kwapa. Wengi waliopata alama za kati, 11 hadi 25, hawakunufaika kwa kuongezewa kemotherapi, ingawa baadhi ya wenye umri wa miaka 50 au chini walinufaika kidogo.

Kipimo hicho ni ghali, nami sitawadanganya kwamba kila hospitali yetu itakipata kesho. Kinachonisumbua zaidi ni kipimo cha vipokezi, ambacho huharibika kwa uzembe mdogo tu: kinyama kikichelewa kutiwa katika formalini, dawa ya kukihifadhi, au kikakaa humo chini ya saa 6, vipokezi vilivyopo vinaweza kuonekana havipo, na mama wa watu akanyimwa tamoksifeni, dawa ya bei nafuu kuliko nyingi nilizozitaja. Kwa hiyo, wauguzi wa vyumba vya upasuaji, andikeni kwenye kopo saa kinyama kilipokatwa na saa kilipotiwa dawani. Mtaalamu wa patholojia, anayekipima, hana njia nyingine ya kujua.