Kuingia kwenye seva yako ukiwa mbali: uchague njia gani?

Karibuni. Hapa nina seva moja ya Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja), na ndani yake zinafanya kazi mashine pepe tatu: mbili za Linux na moja ya Windows Server. Usipakue programu yoyote kwanza. Chukua karatasi.

Hatua ya kwanza, andika kila mashine na kazi yake. Hii ya Linux inabeba hifadhidata tu, kwa hiyo SSH, yaani kuingia kwa mbali na kuandika amri tu, inaitosha. Ukiiwekea dawati lenye madirisha na ikoni, unaipa mzigo wa kula memori bure.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiruka, nami naomba usiiruke: ijue konsoli, yaani skrini ya mashine unayoiona kupitia Proxmox. Fungua kivinjari, andika anwani ya seva na poti (namba ya mlango wa mtandao) 8006, chagua mashine, bofya konsoli. Sasa tazama, naikata mashine hii mtandao kabisa. Unaona? Skrini bado ipo, kwa sababu picha inatoka kwa seva mama, si kwenye mtandao wa mashine yenyewe. Niliwahi kukosea kanuni moja ya faiwoli nikajifungia nje, na konsoli ndiyo iliyonirudisha ndani. Ila kwa kazi ya kutwa nzima inachosha, hasa kunakili na kubandika maandishi.

Hatua ya tatu, kazi ya kila siku. Kwenye Windows Server washa RDP, njia ya Windows ya kutumia dawati lake ukiwa mbali; imo humo tayari. Inaruhusu wasimamizi wawili kwa wakati mmoja. Mkizidi hapo, au watu wakitaka kufanyia humo kazi zao za kawaida, mtahitaji leseni za ziada. Kwa Linux yenye dawati, sakinisha xrdp, inayoiwezesha Linux kupokea RDP, utumie programu ileile kwa zote. VNC, njia nyingine ya kutumia dawati kwa mbali, nayo ipo, lakini mtandao ukiwa dhaifu huburuta, na nywila yake ya mtindo wa zamani husoma herufi 8 za kwanza tu.

Hatua ya nne, tafadhali sana: usifungue poti 3389, ile ya RDP, kwa intaneti nzima. Mwaka 2019 iligunduliwa kasoro ya BlueKeep kwenye matoleo ya zamani ya Windows, iliyomwezesha mvamizi kupita RDP bila nywila yoyote. Weka WireGuard, VPN inayokupa njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wako, ufungue poti yake moja tu, kwa kawaida 51820 ya UDP. Kama ruta yako inaikubali, iweke huko. Ukiiweka ndani ya mashine pepe, siku mashine hiyo ikizima, hata konsoli hutaifikia.

Mwisho, jaribu. Zima WiFi, tumia data ya simu. WireGuard ikiwa imezimwa, RDP isifunguke kabisa. Iwashe, jaribu tena… naam, imefunguka. Sasa fungua na konsoli, nayo ikubali.