Eti Ulaya wanachukua watoto? Najibu leo, halafu basi

Haya jamani, karibuni. Juzi nimeweka video ya maandazi, maandazi yenyewe hakuna aliyeyataja. Maswali ni yale yale: "Dada, ni kweli huko wanawanyang'anya watu watoto?" Najibu. Wa kusema najidai na wa kusema nalalamika, mtagombania nafasi huko chini.

Mnajua nakaa na watoto wawili wa marehemu kaka yangu, hapa Leeds, Uingereza. Wifi aliumwa, akalazwa. Ameniruhusu kusema, majina sitaji. Watu wa ustawi wa jamii walikuja kweli, ila kabla ya habari za mahakama wakauita ukoo. Ndiyo, ukoo! Utaratibu wenyewe umetoka New Zealand. Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, walichoka kuona watoto wao wakipelekwa kwa wageni, na mwaka 1989 ukaingia kwenye sheria ya kule.

Basi kikaoni wakaeleza wasiwasi wao, kisha wakatoka nje. Wote! Tukabaki wenyewe na sambusa zetu, bibi yupo Tanga kwenye simu tuliyoiegesha kwenye kopo la sukari, anauliza mbona hatumwonyeshi watoto. Mpango tuliupanga sisi, wao wakaukagua.

Tatizo likaja kwenye kuandika. Baba mdogo na mjomba, kwa Kiingereza neno moja. Baba mdogo kununa! Eti amelinganishwa na watu wa upande wa kikeni. Na ndiye huyo huyo wa kutuma sauti za dakika saba kwenye grupu, viatu vya shule hajanunua hata pea moja. Ngoja niache.

Hela sasa. Mnaosema nalipwa kulea: posho ya mlezi wa ukoo kila halmashauri ina hesabu yake, na mara nyingi kipato chako kinapimwa kwanza. Viza yangu nayo imeandikwa nisiguse mafao ya serikali. Nimepunguza zamu mbili kwa wiki, nauli za vikao nimejilipia.

Mimi si mwanasheria, ya kwako yanaweza kuwa tofauti kabisa. Ila wakikuita, nenda, hata kama mmegombana na wifi yako.

Leo asubuhi imekuja fomu nyingine, wanataka anwani zote nilizowahi kuishi, na namba ya nyumba. Ya Tanga nimeandika "nyumba ya pili ukipita msikiti". Wakiirudisha nitawaambia.