Jinsi ya kuhifadhi grafu inayobadilika bila kujaza diski

Karibuni. Leo tunaweka mtandao wa usafiri wa Nairobi kwenye diski, pamoja na historia yake yote. Kila steji ni nodi, na kila kipande cha njia kati ya steji mbili ni kiungo; nodi na viungo kwa pamoja ndiyo grafu. Kazi iko kwenye historia, maana jiji hili halitulii. Mei 2022 barabara ya kulipia ya Expressway ilifunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na viungo vipya vikaanza kuwepo. Anayeuliza hali ya Januari mwaka huo hapaswi kuviona.

Usinakili grafu nzima kila siku. Njia tatu zikibadilika, utakuwa unaandika upya maelfu ambazo hazijaguswa. Tutaandika mabadiliko tu.

Kwanza, data. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia, ulitoa ramani ya njia za matatu mwaka 2014, na data zake ni za bure. Zipe steji namba. Hapa twende polepole, kwa sababu wengi hupanga kialfabeti, na baadaye diski huwadai. Wewe fuata barabara: Ngara, Pangani, Muthaiga, Roysambu, Githurai, zipewe namba zilizokaribiana.

Sasa fungua faili ya daftari la matukio. Tazama skrini: rekodi moja ni baiti 16. Nne za steji ya kuanzia, nne za steji ya kufikia, nne za namba ya njia, mbili za tarehe, moja ya kuonyesha kiungo kimefunguliwa au kimefungwa, na moja ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na zile 15 ili kugundua rekodi iliyoharibika. Tarehe ni idadi ya siku tangu 1 Januari 2000. Baiti mbili hubeba siku 65,536, yaani zaidi ya miaka 170. Ukurasa wa diski wa baiti 4,096 unaingiza rekodi 256 kamili, bila hata moja kukatika katikati.

Rekodi mpya huongezwa mwishoni tu. Njia ikifungwa, hufuti kitu. Unaongeza rekodi ya kufungwa. Naupenda sana mtindo huu kwa ajili ya stima. Ikipotea wakati unaandika, kinachoharibika ni mkia wa faili. Ukiwasha tena, kata baiti zinazozidi mafungu ya 16, kisha kagua rekodi za mwisho kwa ile baiti ya ukaguzi.

Daftari likirefuka, kulisoma tangu mwanzo kunachukua muda. Kwa hiyo piga picha ya grafu: faili yenye viungo vilivyo hai siku hiyo. Vipange kwa steji ya kuanzia, ili majirani wa Pangani wakae pamoja na wasomwe kwa mkupuo mmoja. Halafu andika tofauti badala ya namba zenyewe. Majirani 1200, 1203 na 1210 wanakuwa 1200, 3, 7. Hiyo 3 na hiyo 7 kila moja inaenea kwenye baiti moja badala ya nne, na ndiyo sababu tulifuata barabara.

Upige picha lini? Usifuate kalenda. Matukio yaliyoongezeka yakifikia ukubwa wa picha ya mwisho, piga nyingine. Miezi mitulivu haitakula nafasi bure. Kwenye faharasa, yaani faili ndogo inayoorodhesha picha zote, andika tarehe ya picha na mahali daftari lilipofikia.

Mwisho, kuuliza. Ukitaka tarehe fulani, tafuta picha iliyo karibu nayo, hata kama ni ya baadaye. Kutoka picha ya nyuma, soma daftari kwenda mbele. Kutoka picha ya baadaye, soma kurudi nyuma na ugeuze kila tukio: kilichofunguliwa kiondoe, kilichofungwa kirudishe.

Jaribu na 1 Januari 2022, kisha 1 Juni 2022. Viungo vya Expressway vitokee mara ya pili pekee. Rudia kila tarehe kwa pande zote mbili. Majibu yakitofautiana, kagua kwanza matukio ya siku moja, uhakikishe kurudi nyuma kunayasoma kwa mpangilio uliogeuzwa.