Neno "Kamili" Lilivyotuponza: Chanjo ya Nyongeza ya Korona Kama Nilivyoiona Mezani

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie chanjo ya nyongeza ya Korona, ile tuliyozoea kuiita busta. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, na kabla ya kustaafu niliketi kwenye meza ya chanjo katika kituo kimoja huku huku Pwani ya Kenya. Sikuja na picha za ukutani. Nimekuja na mambo niliyoambiwa na watu wakiwa wamepandisha mkono wa nguo wakingoja sindano, maana mtu akiketi pale husema lililo moyoni. Wengi wenu ni wahudumu wa afya ya jamii, na ipo siku mtatumwa tena nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo nyingine. Nataka mwende mkijua tulikosea wapi.

Nianze na bi mkubwa mmoja. Ilikuwa Januari 2022. Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2021, kwamba mtu mzima aliyetimiza miezi 6 tangu amalize chanjo aje apate dozi ya nyongeza. Bi mkubwa alikuja amejitanda leso, akafungua fundo la pindo, akatoa kadi yake ya chanjo iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye muhuri wa dozi ya pili. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa si uliniambia nimemaliza?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo kweli. Juni 2021, kwa kinywa changu: "Bi, sasa umekamilisha." Matangazo ya redio yalisema chanjo kamili, na sisi mezani tukasema chanjo kamili. Kwa aliyechanjwa Johnson & Johnson, hata sindano moja ilihesabiwa kuwa kamili. Na nyinyi mnajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Mahari ikikamilika, hakuna mshenga atakayetumwa tena kuomba nyongeza. Deni likikamilika, karatasi huchanwa. Sasa tunamrudia mtu yule yule baada ya miezi 6 tunamwambia lete mkono tena. Nilimwangalia yule bi, sikuwa na jibu lililo tayari. Nikamwambia, "Ndivyo wizara ilivyosema." Akakunja kadi yake, akaifunga kwenye leso, akaondoka bila sindano. Alikuwa na kisukari. Ni mtu ambaye hakupaswa kuondoka.

Ndugu zangu, jibu lilikuwepo, na halikuwa gumu. Majaribio yaliyofanya chanjo hizi ziruhusiwe yalikuwa yamewafuatilia watu kwa miezi michache tu. Kwamba zinazuia watu kuugua vibaya, hilo lilionekana. Kwamba kinga itadumu muda gani, hakuna aliyeweza kulipima kabla ya muda wenyewe kupita. Tungemwambia hivyo tangu siku ya kwanza: umepata kinga nzuri, muda wake bado unapimwa, huenda tukakuita tena. Mama yeyote aliyehudhuria kliniki ya wajawazito angetuelewa, kwa sababu sindano ya pepopunda anaijua. Hiyo huchomwa mara 5 kwa nyakati tofauti hadi kinga ikae, na sijawahi kusikia mama akilalamika kuwa amedanganywa, kwa kuwa tangu mwanzo huambiwa ratiba.

Na ndani ya mwili mambo yalikwenda hivi. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani walinzi wa kumtambua kirusi na kumshika. Walinzi hao huwa wengi mwanzoni, kisha hupungua mwezi baada ya mwezi. Zinabaki seli za kumbukumbu, ambazo huamka adui akija, lakini huchukua siku kadhaa kujipanga. Ndiyo maana kinga ya kutougua kabisa ilishuka mapema, ila kinga ya kutolazwa hospitalini ilidumu zaidi. Halafu mwishoni mwa Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini wakatoa taarifa ya Omikroni, kirusi kilichobadilika mahali zaidi ya 30 kwenye ule mwiba wake wa kushikia seli. Walinzi wachache waliobaki wakawa wanatafuta sura ya zamani. Dozi ya nyongeza iliwaongeza tena, na baada ya miezi michache wakaanza kupungua tena. Hilo la mwisho pia tulipaswa kulisema.

Kuna jambo jingine lililowauma watu, na liliniuma mimi. Kenya ilipokea shehena ya kwanza ya AstraZeneca mwanzoni mwa Machi 2021, dozi kama milioni 1.02. Tarehe 5 Machi kazi ikaanza Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Muda si muda India, kulikotengenezwa dozi hizo, ikazuia kuuza nje kwa sababu watu wake walikuwa wanateketea. Sisi tukakata tarehe kwenye kadi kwa kalamu. Wiki 8 zikawa 12. Watu walikuja wakaambiwa rudi. Na kabla Julai haijaisha, Israeli ilikuwa imeanza kuwapa wazee wake dozi ya tatu. Tarehe 4 Agosti Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akayaomba mataifa tajiri yasitishe kwanza nyongeza ili nchi nyingine zipate angalau dozi za mwanzo. Hawakusitisha. Wenye jamaa zao Uingereza walikuwa wanapigiwa simu: "Mimi nimeitwa ya tatu." Huku aliyeshika simu hajapata ya pili. Kwa hiyo nyongeza ilipofika kwetu, wengine waliipokea kama masalio ya karamu. Sikuwalaumu.

Sasa niwaambie habari ya kijana wa bodaboda, kwa sababu hapa kosa ni langu peke yangu. Alikuja Februari, asubuhi, kofia ya pikipiki kwapani. Aliniuliza swali moja: "Sista, nitaumwa?" Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, jambo la nadra. Nikamjibu, "Hakuna kitu, mkono kidogo tu." Nikamchoma Pfizer, akakaa dakika zake 15 kwenye benchi, akaenda. Usiku homa ikampanda, akatetemeka, viungo vikamlegea, asubuhi hakuweza kupanda pikipiki. Mwenye pikipiki anadai hela yake ya kila siku, homa haimhusu. Siku ya tatu alikuja kituoni, hakunitukana. Alisema tu, "Ungeniambia, ningekuja Jumamosi jioni, nikalala Jumapili."

Stejini kwao walikuwa vijana wengi. Hakuna mwingine aliyekuja.

Homa ya siku moja baada ya chanjo ni jambo la kawaida na linajulikana: maumivu ya mkono, uchovu, kichwa, baridi ya mwili. Kwenye dozi ya nyongeza ya Pfizer na Moderna wengine walivimba tezi za kwapani, na hilo lilionekana zaidi kuliko kwenye dozi za mwanzo. Mwanamke akigusa kwapa akakuta uvimbe na hakuambiwa, hawazi chanjo, anawaza saratani. Tulipoanza kusema mapema, tena kwa kinaga ubaga, "kuna uwezekano kesho ukalala, panga siku yako, nunua panadoli uiweke karibu," watu hawakukimbia. Walichagua siku. Wavuvi walikuja siku ambayo hawaingii baharini. Mwezi wa Ramadhani wa 2022 wengi walituuliza kama sindano inabatilisha saumu. Maimamu wa mtaa walijibu kuwa si chakula wala si lishe, haibatilishi. Lakini tulijua homa ikija mchana mtu atataka kumeza dawa, basi tukakubaliana tubaki wazi baada ya futari. Jioni zile zilikuwa na watu kuliko asubuhi zote za mwezi uliotangulia.

Yapo madhara makubwa zaidi, na ni nadra sana: kuganda kwa damu kwa AstraZeneca na Johnson & Johnson, kuvimba kwa misuli ya moyo kwa Pfizer na Moderna, hasa vijana wa kiume. Anayeuliza aambiwe, na aambiwe dalili za kumrudisha hospitali mbio: kifua kubana, pumzi kukatika, kichwa kikali kisichotulia.

Na kina mama. Hapa naomba wanaume wasitoke. Wanawake walinijia mmoja mmoja, wakiinama sikioni: "Sista, siku zangu zimechelewa." "Zimekuja nzito." Tuliwajibu kuwa ni wasiwasi tu. Januari 2022 ukachapishwa utafiti wa Marekani uliofuata wanawake karibu 4,000, ukaonyesha kuwa baada ya chanjo mzunguko ulirefuka kidogo, kwa wastani chini ya siku moja, kisha ukarudi sawa. Ni badiliko dogo, la muda, haligusi uzazi. Ila walikuwa wamesema kweli, na sisi tuliwanyamazisha, na pale tulipowanyamazisha ndipo uvumi wa ugumba ulipopata mlango. Mwanamke akikwambia habari ya mwili wake, iandike.

Sijataja wale waliotaka cheti tu. Novemba 2021 serikali ilisema asiyechanjwa hatahudumiwa ofisini kuanzia tarehe 21 Desemba, Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo kabla haijaanza. Waliokuja kwa hofu ya amri waliondoka na cheti, na wengi wao kwenye nyongeza sikuwaona.

Nirudi kwa bi mkubwa. Alirejea mwezi Machi. Safari hii nilimwekea kiti, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, habari ya walinzi wanaopungua, habari ya pepopunda, na nikamwambia, "Bi, nilikosea kukwambia umemaliza. Nilisema nisilolijua." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, nichome." Lakini alikuwa peke yake asubuhi ile. Kichupa cha Pfizer tukikichanganya na maji chumvi mililita 1.8 kinatoa dozi 6, na kikishachanganywa kina saa 6, baada ya hapo ni cha kumwaga. Nilimwonyesha kichupa kile ndani ya kisanduku cha baridi, kidogo kama kidole gumba, nikamwambia nikikifungua kwa ajili yako peke yako, dozi 5 zitamwagwa. Nilitaka kumwomba arudi kesho. Akakaza leso kiunoni akatoka. Baada ya muda akarudi na mashoga zake wanne, wote watu wazima, mmoja anatembelea mkongojo, na mjukuu wa kiume aliyevutwa mkono. Walikuwa sita kamili. Nikanawa mikono, nikakifungua.

Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dozi za kurudia ziwalenge wazee, wenye kisukari na maradhi ya moyo, wenye kinga dhaifu wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wajawazito, na sisi tunaowagusa wagonjwa. Kijana mzima wa afya aliyechanjwa mwanzo na kupata nyongeza moja hakuhimizwa tena kurudia. Mkiulizwa mitaani, jibuni hivyo hivyo, na mseme ni ushauri wa wakati ule.

Naona mikono imeshanyanyuka. Tuanze na mama yule mwenye buibui pale nyuma. Karibu, mama.