Namna ya Kumnyoa Alpaka na Kuipanga Sufu Yake Katika Shamba Dogo

Ndugu watazamaji, karibuni katika shamba la familia yetu hapa Ohio, Marekani. Leo tunaonyesha hatua kwa hatua namna ya kumnyoa alpaka na kuipanga sufu yake, kazi inayofanyika mara moja tu kwa mwaka na ambayo ndiyo huamua iwapo mavuno ya mwaka mzima yatafumwa shali laini au yataishia kujazwa kwenye mito. Sisi hunyoa mwezi Mei. Alpaka ni mnyama wa jamii ya ngamia kutoka nyanda za juu za milima ya Andes, Amerika Kusini, hasa Peru, na akiingia majira ya joto na sufu yake yote anaweza kuzidiwa na joto hata akafa.

Kwanza, waingizeni bandani tangu jioni iliyotangulia ili mvua na umande visiwapate, kwa kuwa sufu ikifungwa mbichi huota ukungu. Pangeni zamu kwa rangi: weupe watangulie, wafuate wa kahawia, na weusi wawe wa mwisho. Unyoya mmoja mweusi ukiingia katika sufu nyeupe utaonekana mpaka kwenye nguo iliyokamilika, kwa hiyo fagieni sakafu na kusafisha mashine ya kunyolea kila mnyama anapoondoka.

Pili, mlazeni mnyama taratibu juu ya mkeka laini, mfungeni kamba miguu ya mbele na ya nyuma, kisha mnyosheni bila kumvuta kwa nguvu. Mtu mmoja, na asiwe na kazi nyingine yoyote, amshike kichwa na kumtuliza. Mdomoni tunamvalisha soksi kuukuu iliyolegea, maana alpaka akiogopa hutema mate ya kijani yenye harufu kali, nayo huchafua sufu. Hakikisheni kwamba pua iko wazi. Jike aliyekaribia kuzaa msimlaze kabla ya kushauriana na daktari wa mifugo.

Sasa tunafika penye kiini cha kazi. Lazeni kisu cha mashine bapa juu ya ngozi, mkono mwingine uinyooshe ngozi, na mkate kwa mapitio marefu kutoka ubavuni kuelekea uti wa mgongo, mpaka sufu ya mgongo na mbavu itoke ikiwa imeshikana kama blanketi moja. Mkiona mmeacha vishina, viacheni vilivyo. Kurudia mahali palipokwisha kunyolewa huzalisha vipande vifupi ambavyo baadaye hugeuka vinundu kwenye uzi, na hasara hiyo ni kubwa kuliko sura mbaya ya mnyama, ambayo hupotea baada ya wiki chache. Punguzeni mwendo kwenye mikunjo ya makwapa, tumboni na karibu na chuchu. Kila baada ya muda mfupi guseni kisu kwa mgongo wa mkono. Kikiwa cha moto, simamisheni mashine, tieni mafuta na msubiri kipoe.

Wekeni tayari mifuko mitatu: wa kwanza wa sufu ya mgongo na mbavu, wa pili wa shingo na mapaja, wa tatu wa tumbo, miguu ya chini na mkia. Andikeni jina la mnyama na tarehe kwenye kila mfuko. Kabla ya kumfungua, mkateni kucha na mmkague meno.

Hatua ya mwisho ni kuchambua. Itandazeni sufu ya mfuko wa kwanza juu ya meza ya wavu ili vumbi lidondoke, kisha ondoeni kwa vidole nyasi, vipande vifupi na nywele nene zilizonyooka. Chomoeni kishungi kidogo, kishikeni ncha zote mbili, kivuteni ghafla karibu na sikio. Kikilia kwa mlio safi bila kukatika, nyuzi ni imara. Kikipasuka katikati, mnyama huyo aliugua au alikosa lishe wakati fulani wa mwaka, na sufu yake haifai kusokotwa kwa mashine. Nyuzi zenye unene wa chini ya maikroni 20 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) tunazitenga kwa mavazi yanayogusa shingo, na zinazozidi 30, ambazo huwasha ngozi, tunazipeleka kwenye mazulia. Hifadhini mifuko mahali pakavu, juu ya rafu, na mkague kama zina nondo, wadudu wanaokula sufu, kila mwezi mpaka siku ya kuipeleka kiwandani.