Gari Likilala Limejaa Chaji

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kuona mmekuja na maswali mkononi. Nimeyasoma yale mliyoyaandika kwenye karatasi kabla hatujaanza, na karibu yote yanazunguka jambo moja: nichaji gari langu la umeme mara ngapi? Kila siku? Nisubiri kwanza ishuke mpaka mwisho?

Naomba nijibu mapema. Ukitaka betri ya gari lako idumu, usihesabu mara unazochomeka waya. Hesabu saa ambazo gari linakaa betri ikiwa imejaa tele, hasa penye joto. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza miaka ya betri bila kujua, tena gari likiwa limesimama tu, halijaenda popote.

Hii tabia ya kusubiri chaji iishe tumeirithi. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilikuwa na kasoro: ukizichaji nusunusu kila mara, zinaanza kutoa nguvu pungufu. Kwa hiyo watu wakaambiwa wazimalize kwanza. Magari ya umeme ya leo yanatumia betri za lithiamu, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, na ambazo ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Hizi hazina kasoro ile. Zinapenda kuchajiwa kidogokidogo. Betri inayoshuka kutoka asilimia 70 hadi 50 kisha ikarudishwa 70 inachakaa polepole kuliko ile inayotoka 100 mpaka 10, hata kama mwisho wa mwezi umeme uliopita ni uleule.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwa sababu ukishaona kinachotendeka humo, hutahitaji kukariri masharti.

Seli ina pande mbili. Upande mmoja ni mchanganyiko wa metali, mara nyingi nikeli, manganizi na kobalti. Upande wa pili ni grafaiti, yaani kaboni ile ile ya risasi ya penseli. Katikati kuna kimiminika. Unapochaji, chembe za lithiamu zinatoka upande wa metali, zinavuka kimiminika na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafaiti. Unapoendesha, zinarudi. Kazi yote ya betri ni hiyo safari ya kwenda na kurudi.

Juu ya grafaiti kuna utando mwembamba sana uliojijenga tangu seli ilipochajiwa kwa mara ya kwanza kiwandani. Utando huo ni mlinzi, bila huo betri isingedumu. Lakini hauachi kunenepa, na kila unaponenepa unameza lithiamu kidogo ambayo hairudi tena kazini. Lithiamu hiyo ndiyo kilomita zako. Vitu viwili vinaukuza haraka: joto, na volti kubwa. Seli ya aina niliyoitaja ikijaa inafikia volti 4.2 hivi, na ikikaa hapo upande wa metali nao, uliokwisha kutolewa lithiamu yake nyingi, unaanza kukishambulia kile kimiminika. Saa baada ya saa, usiku baada ya usiku. Ndiyo maana gari linalotembea kila siku huku likiwa kati ya 40 na 70 linaweza kuwa na betri yenye afya kuliko gari la mtu anayelitunza ndani, analifuta vumbi, na kuliacha limejaa mia kwa mia wiki nzima.

Kwa hiyo la kufanya ni lipi? Ingia kwenye mipangilio ya gari au kwenye programu ya simu, utafute ukomo wa chaji, uuweke asilimia 80. Kama mizunguko yako ya siku ni mifupi, weka 70. Halafu chomeka kila usiku ukipenda. Nasisitiza hapa kwa sababu nimekutana na watu wanaoogopa kuchomeka mara kwa mara. Ondoeni hofu. Ikifika kwenye ukomo inaacha yenyewe, na katika magari mengi kukaa kwenye waya kunasaidia, kwani mfumo wa kupoza au kupasha betri unakula umeme wa ukutani badala ya kula chaji yako. (Ila plagi au soketi ukiigusa ukaikuta ya moto, chomoa, ita fundi. Hilo halisubiri.)

Na safari ndefu? Jaza mpaka 100, bila wasiwasi. Kinachodhuru ni kukaa hapo, kufika hakuna neno. Magari mengi yanakuruhusu kupanga saa ya kuondoka, ili yamalize kujaza muda mfupi kabla hujageuza usukani. Unaondoka, na baada ya nusu saa barabarani umeshashuka kutoka kileleni.

Upande wa chini nao una hatari zake. Mtu anasafiri mwezi mzima, anaacha gari likiwa na asilimia 5. Gari la kisasa halilali kabisa: linasikiliza simu, linalinda milango, lingine linaendesha kamera. Hunyonya kidogokidogo. Seli ikishuka chini ya kiwango chake, shaba iliyomo ndani inaanza kuyeyukia kwenye kimiminika, na seli hiyo huenda isiwe salama kuchajiwa tena. Gari linajikinga kwa kujizima mapema, lakini usiliachie mzigo huo. Ukienda mbali kwa muda, liache karibu na nusu, zima kamera, liweke kivulini.

Kuna ndugu kule nyuma ameandika swali zuri sana. Anasema: wewe unahubiri 80, mbona kitabu cha gari langu kinaniagiza nijaze 100 kila wiki? Ndugu yangu, gari lako bila shaka lina betri ya lithiamu yenye chuma na fosfeti. Hizo ni ndugu wa karibu lakini tabia mbalimbali. Seli yake inakaa kwenye volti 3.2 hivi, na volti hiyo haibadiliki sana kutoka asilimia 30 mpaka 80. Kompyuta ya betri ikiipima haioni tofauti. Inabidi ihesabu umeme unaoingia na kutoka, na hesabu hiyo hupotoka kidogo kila siku, mpaka dashibodi inakuambia una 20 kumbe una 10. Ikijaa kabisa, volti inapanda ghafla, na hapo kompyuta inapata alama ya kusawazisha hesabu. Kwa hiyo ile 100 ya kila wiki ni kwa ajili ya kipimo. Seli zenyewe hazinufaiki kwa kukaa zimejaa, ingawa zinavumilia zaidi kuliko zile za nikeli, manganizi na kobalti. Jaza kama kitabu kinavyosema, kisha liendeshe. Na kwa nyote: kitabu cha gari lako kikipingana nami, kifuate kitabu. Waliotengeneza ndio wanaojua wameacha akiba kiasi gani juu na chini ya namba unazoziona.

Sasa chaji ya haraka, ile ya vituoni. Tazameni mlivyoingia humu ukumbini. Waliotangulia walikaa popote bila kusukumana. Waliokuja mwisho walizunguka wakitafuta viti, wengine wakasimama mlangoni. Lithiamu inaingia kwenye grafaiti namna hiyo hiyo. Ikiwa asilimia 15, nafasi ni tele. Ikikaribia kujaa, chembe zinapanga foleni, na ukizisukuma kwa nguvu zile zinazokosa nafasi zinaganda juu ya grafaiti kama metali. Hasara hiyo hairudishiki yote, na ikizidi ni hatari kwa usalama. Gari linalijua hilo. Siku ukiwa kituoni, angalia skrini ya gari: huenda likaanza na kilowati 120, na likifika asilimia 80 limeshuka chini ya 50. Wengi hudhani mashine ya kituo imeharibika. La, ni gari linajilinda. Kutoka 80 mpaka 100 kunaweza kula muda sawa na ule wa kutoka 10 mpaka 80, kwa hiyo ukifika 80 chomoa uende. Umeokoa muda wako, umeilinda betri, na umempisha aliyesubiri nyuma yako.

Je, chaji ya haraka inaua betri? Mara moja moja safarini, hapana. Ukiigeuza kuwa njia yako ya kila siku wakati nyumbani una soketi, unaongeza uchakavu bila sababu. Madereva wa teksi hawana hiari, nao nawaambia: kaeni kati ya 20 na 80 kadiri mnavyoweza. Wakati wa baridi kali, elekeza ramani ya gari kwenye kituo mapema ili betri ijipashe njiani. Chini ya nyuzi sifuri lithiamu inapenya kwa shida, na kule kuganda kunakuwa rahisi zaidi.

Joto ndilo linalonisumbua mimi kuliko yote. Gari la umeme la Nissan Leaf lilipotoka mwaka 2010, betri yake haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa kimiminika. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, Marekani, kwenye joto la jangwani, walianza kulalamika kwamba vipimo vya uwezo wa betri vinashuka upesi mno. Nissan baadaye iliongeza dhamana inayohusu upungufu wa uwezo, na leo magari mengi yana mabomba ya kupoza betri. Hata hivyo mabomba hayo hayafuti jua. Ukirudi kutoka safari ya mwendo mkali mchana, betri bado ina moto wake. Usikimbilie kuichaji. Panga ianze usiku wa manane au alfajiri, ikiwa imepoa.

Swali la mwisho kabla hatujafungua mjadala. Mama mmoja anauliza: nimejaza 100 kila usiku kwa miaka miwili, nimeshaliharibu? Mama, lililopotea halirudi. Lakini tambua pia kwamba betri nyingi zinapoteza uwezo kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha zinatulia, kwa hiyo sehemu ya upungufu unaouona ungeupata hata ungefanya kila kitu sawa. Watengenezaji wengi wanatoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, kwamba uwezo hautashuka chini ya asilimia 70. Angalia ya kwako inasemaje. Kisha leo hii shusha ukomo hadi 80, na kuanzia usiku huu kasi ya kuchakaa inapungua.

Waliokuja na magari yao, tukimaliza maswali nitakuwa pale maegesho. Njooni na funguo, tutafungua mipangilio ya kila gari pamoja.